Tulivyomla Ng'ombe wa Ngassa

Kama kuna kitu kinanichefua hapa duniani ni mate ya mtu mwingine, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimecheza karata na Thomasi, mtu asiyeweza kugawa bila kulamba kidole gumba. Anagawa moja, analamba. Anagawa ya pili, analamba tena. Ukipokea karata zako tano, tatu zimelowa. Nilikuwa nazifuta kwenye suruali, naye ananicheka, "Marcelo, hapo unafuta bahati yako."

Kulia kwangu alikaa Mihayo, muuza dagaa. Kila Alhamisi hupanda gari kwenda Lamadi kuchukua mzigo, na kila Jumapili hufika mezani na magamba ya dagaa kwenye kucha. Anaapa kwamba ananawa. Katika zile karata kulikuwa na bibi wa uru tuliyemjua hata akiwa amelala kifudifudi, kwa harufu tu.

Na mbele yangu alikaa Ngassa, karani wa mizani ya pamba. Huyu ndiye ninayetaka kumwandika. Mimi mwenyewe ni fundi cherehani, kibaraza changu kipo sokoni Bariadi, na watu wananijua kwa kununa. Wana haki. Mtu anayeletewa suruali za watu kuzitia viraka anajua mengi kuhusu wenzake asiyotaka kuyajua.

Ngassa alizaliwa Nassa, kwenye familia ya kulima na kuvua. Akiwa kijana alikwenda Mwadui kufanya kibarua kwenye mgodi wa almasi, akarudi na vitu viwili: redio isiyosema na mchezo wa poka. Unapewa karata tano, unatupa usizozitaka, unapewa nyingine, kisha unawatazama wenzako usoni na kuwadanganya. Ndio mchezo wote. Sisi tulikuwa tunacheza lasti kadi kama watu wengine wa kawaida, Ngassa akatufundisha huo uongo, tukashindwa kuuacha.

Tulichezea kwenye mgahawa wa Apolonia, nyuma, pembeni ya jiko lake la kuni, kila Jumapili baada ya misa. Hatukuwekeana pesa maana hatukuwa nazo. Tuliweka mbegu za pamba, kila mtu kopo moja, na yule ambaye kopo lake lilikauka kwanza alipewa adhabu. Apolonia ndiye aliyekuwa anatunga adhabu. Alisema tunamkalia viti mchana kutwa kwa kikombe kimoja cha chai, basi angalau tumchekeshe.

Ngassa alikuwa mwizi wa karata, na hilo nitalisema bila kumwonea. Alificha karata chini ya paja, ndani ya soksi, ndani ya kofia. Siku moja ziliwekwa mezani ree tano, na mbili zilikuwa za kopa. Tukamkamata, akatazama zile ree mbili kwa mshangao mkubwa na kusema, "Gashi! Kumbe zimezaa." Siku nyingine alipiga magoti kanisani kupokea komunyo, ree ya shupaza ikamdondoka kutoka kwenye mkono wa shati, ikaanguka mbele ya miguu ya padri. Padri akainama, akaiokota, akaitia mfukoni, akaendelea na mstari. Tulicheza na karata hamsini na moja mpaka Pasaka.

Lakini kwenye mizani ya ushirika mtu huyo huyo alikuwa kitu kingine. Miaka ishirini na miwili alisimama pale ghalani. Kila gunia lililofika mbele yake alilifungua mdomo, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akaupekecha ndani, akatoa ukonzi wa pamba wa chini kabisa na kuutazama kwenye jua. Ikiwa nyeupe na kavu, anapima. Ikiwa na maji au mchanga, anakurudishia gunia lako bila maneno. Mama mkwe wake alileta fifi, ile pamba ya manjano, kaichanganya na nzuri. Ngassa alimwamkia kwa heshima zote, "Mwadila, mayu," kisha akamrudishia gunia. Generoza, mke wake, hakumpikia siku tatu. Watu walikuwa wanatoka mbali na pamba zao, wanapita vituo viwili njiani, waje wapimiwe na Ngassa. Walisema mshale wa mizani yake unamwogopa.

Hapo ndipo nilipompendea, ingawa kupenda watu si kazi yangu. Alimaliza uongo wake wote Jumapili na kuanza Jumatatu akiwa hana uongo uliobaki.

Sasa nizungumzie zile adhabu, kwa sababu ndizo zilizotuharibia. Mihayo alipigishwa deki ya soko zima akiwa amejifunga kanga ya Apolonia. Mimi nilikaa siku nzima kibarazani nikimchekea kila mteja, na wawili walichukua nguo zao wakaenda kwa fundi mwingine. Lakini Thomasi ndiye aliyekuwa mfalme. Ni fundi baiskeli na ana shamba la pamba ekari nne, mtu mfupi mwenye uso wa kuomba msamaha, na alikuwa hajui kabisa kucheza poka, maana akificha jambo, karata nzuri au mbaya, masikio yanamcheza. Kwa hiyo kila mara kopo lake ndilo lililokauka. Alipiga magoti kisimani kuwaamkia wanawake mmoja mmoja, kama mkwe mgeni, "Mwadila, mayu," na wanawake wale wakamrushia karanga. Alifunga mto tumboni akapanga foleni ya wajawazito kwenye zahanati, akafika mpaka kwa nesi. Na mwaka ule kengele ya shule ilipopotea, Apolonia alimwamuru aende sokoni asimame juu ya kreti atangaze kwamba yeye ndiye mwizi. Thomasi akaenda. Akalia machozi ya kweli. Mwalimu mkuu alimsadiki siku mbili nzima, mpaka kengele ilipokutwa kwenye majani, imeanguka tu na kamba yake.

Tangu hapo watu wa Bariadi walikuwa na msemo wao. Wakimwona yeyote kati yetu anafanya jambo la ajabu, hawashangai. Wanasema, "Kapoteza karata huyo," na kupita.

Halafu soko likafunguliwa. Siku hizo Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na redioni walikuwa wanaimba soko huria asubuhi mpaka jioni. Mimi nililiona soko huria likishuka kwenye lori kwa sura ya mitumba. Suruali za Wazungu waliokufa, sijui waliohama, zenye jasho lao kwenye makwapa, watu wakazigombania na kuacha vitambaa vipya vikifubaa kwenye kibaraza changu. Baada ya muda kazi yangu ikawa kupunguza viuno vya Wazungu. Nilikuwa nazishika kwa ncha za vidole.

Kwa pamba ilikuwa hivyo hivyo. Yalikuja makampuni, moja baada ya jingine, kila moja na mizani yake na turubai lake, yakatandaza kando ya barabara. Ushirika ukaishiwa, ghala likafungwa kwa kufuli, na Ngassa akabaki na ufunguo wa mlango ambao haukuwa na kitu ndani. Alikaa msimu mzima bila kazi. Alikuwa anakuja kibarazani kwangu asubuhi, anakaa, anashika vipande vya vitambaa na kuvipimapima mkononi bila kujua anachofanya.

Wakulima nao hawakubaki nyuma. Walipoona hakuna tena anayeingiza mkono kwenye gunia, walianza kumwagia pamba maji usiku wa kuamkia mauzo, na mchanga, na wengine chumvi, ili iwe nzito. Nilimwona mama mtu mzima, Mkristo safi, anatema mate kwenye gunia baada ya kuishiwa maji kwenye ndoo. Niliacha kula mchana ule.

Mwaka wa pili wa makampuni alifika kijana mmoja kutoka Mwanza, Sylvester, wakala wa kampuni ambayo jina lake silitaji kwa sababu imeshakufa. Viatu vyake viling'aa mpaka ukaona kichefuchefu. Hakutafuta karani wa mizani kwa elimu, alitafuta kwa jina. Aliuliza watu, "Hapa Bariadi mnamwamini nani?" Wote wakamjibu Ngassa. Siku tatu baadaye Ngassa alikuwa amesimama chini ya turubai na shati jipya la kampuni, na foleni ya baiskeli na mikokoteni ilianzia pale mpaka kwenye daraja.

Jumapili ya tatu ya msimu, katikati ya mchezo, Ngassa akaweka karata zake chini na kusema, "Nawaomba jambo. Mwenye pamba asiilete kwangu. Apeleke kwingine."

Thomasi akauliza, "Kwa nini? Si ndio maana tuna rafiki kwenye mizani?"

"Peleka kwingine tu, Thomasi."

Alichokuwa anakificha ni hiki, na mimi nilikijua baadaye. Mizani ile ya kuning'iniza ilikuwa na skurubu nyuma ya uso wake. Kila asubuhi, kabla watu hawajafika, Sylvester aliizungusha kidogo, mshale ukaanza safari yake kilo tano nyuma. Kila gunia likawa linaacha kilo tano pale chini ya turubai. Ngassa aliligundua siku ya pili tu, kwa sababu mkono wake ulikuwa unajua uzito kuliko ile mizani. Alimwambia Sylvester. Sylvester akamjibu kwamba mlango wa kutokea uko wazi, na kwamba waliokuwa wanaitamani ile nafasi ni kumi na mmoja. Ngassa akabaki. Na hilo nalo linanichefua, sitalipaka asali. Alibaki wiki tatu, akipima, akisoma namba ambayo si yake kwa sauti yake ile ile inayosadikiwa.

Thomasi hakusikia onyo, alisikia dharau. Alihitaji bati za nyumba na pamba yake ilikuwa magunia sita. Jumamosi adhuhuri aliniita nyumbani kwake nimsaidie. Nilipofika nilimkuta ana ndoo mbili za maji na lundo la mchanga wa mtoni, umechekechwa vizuri kama unga wa ugali.

"Thomasi, utaaibika," nikamwambia.

"Kila mtu anafanya. Wao wanatuibia, sisi tunarudisha."

"Na Ngassa akiingiza mkono?"

"Ngassa hapunji kilo, na ni rafiki. Kwangu mimi hataingiza."

Nilipaswa kugeuka na kwenda zangu. Badala yake nilicheka, kwa sababu alilisema akiwa na ule uso wake wa kuomba msamaha. Na gunia la pamba likijaa halikai wima lenyewe, linataka mtu wa kushika mdomo ukae wazi. Nikaushika. Yeye akamwaga tabaka la mchanga, akanyunyiza maji, akashindilia pamba, akamwaga tena. Magunia yote sita. Katika gunia la mwisho alitia na kipande cha jiwe la kusagia, tukacheka mpaka tukakaa chini. Akayafunga midomo kwa vipande vya tyubu za baiskeli, kama alivyokuwa anafunga kila kitu chake. Mimi ninayefuta karata kwa sababu ya mate niliondoka pale na mikono yenye matope, nikanawa kwenye ndoo iliyobaki, nikaenda kula.

Jumatatu nilimsindikiza. Sylvester alikuwa amekwenda kula kwa Apolonia. Ngassa alipotuona kwenye foleni na mkokoteni uso wake ulibadilika, nikadhani ametushtukia. Kumbe alikuwa anajionea aibu yeye mwenyewe. Alituangalia, akaangalia upande wa mgahawa, kisha akazunguka nyuma ya mizani na kwa ukucha wa kidole gumba akairudisha ile skurubu mahali pake. Nilimwona, nikadhani anatengeneza kitu kilicholegea. Halafu akapima magunia ya Thomasi, moja baada ya jingine, kilo halisi, na hakuingiza mkono hata kwenye moja. Nadhani aliona kwamba mtu aliyeiba wiki tatu hana haki ya kumpekua mwenzake. Aliiacha skurubu pale pale, na waliokuwa nyuma yetu wote siku ile walipimiwa haki yao.

Zilipita wiki tatu. Siku ya gulio lori la kampuni likarudi kutoka jinari, kule wanakochambulia pamba, likiwa na mzigo. Likasimama katikati ya watu na vibarua wakaanza kushusha magunia yaliyokataliwa. Uvundo ulitangulia. Pamba yenye maji ikishindiliwa inachemka yenyewe ndani kwa ndani, na ile ilikuwa imechemka ikaoza, ikaozesha na magunia ya watu wengine waliokuwa wasafi. Wakayapasua mbele yetu. Kikamwagika kitu cheusi, chenye utando, na funza weupe wanajikunja ndani yake, na mchanga, na mwisho kikadondoka kile kipande cha jiwe la kusagia. Watu walirudi nyuma na kuziba pua. Mwanamke mmoja alitapika kwenye kapu lake la michembe ya viazi.

"Ya nani hii?" Sylvester akafoka. "Ngassa, ya nani hii?"

Ngassa aliinama akaokota kipande cha tyubu kutoka kwenye ule uchafu. Alikitazama. Thomasi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, na mimi ubavuni mwake. Ngassa hakutuangalia hata kidogo.

"Nilipokea mimi," akasema. "Sikuingiza mkono. Kosa ni langu."

Hapo watu wakaanza kusema. Mmoja akasema kumbe kahongwa. Mwingine akasema kwamba hata uzito wake mwaka huu haukuwa uzito, gunia alilolipima nyumbani kwa mizani ya dukani lilipungua kilo tano hapa. Na mwingine tano. Na mwingine. Sylvester alisikia upepo unakogeukia, akainua viganja vyake visafi. "Mizani yote nilimwachia huyu mzee wenu mliyeniambia mnamwamini. Kaangalieni skurubu." Wakaangalia. Wakaona imechakaa kwa kuzungushwa. Jina la miaka ishirini na miwili liliisha kabla chai ya mtu haijapoa.

Baraza la wazee lilikaa Alhamisi kwenye kibaraza cha ghala la ushirika lililofungwa. Mwenyekiti alikuwa mzee Mayige, mtu mkali na wa haki. Walimuuliza Ngassa kama alijua kwamba mizani inaiba. Akasema alijua. Walimuuliza pamba iliyooza ni ya nani. Akasema alipokea yeye. Wakamtoza dume la ng'ombe, lichinjwe pale pale na kuliwa na wote kama ilivyo desturi, na asiguse tena mizani ya mtu yeyote.

Ndipo Thomasi alipopita katikati ya watu, akapiga magoti.

"Wazee wangu, ni mimi. Mchanga ni wangu, maji ni yangu. Ngassa alinipimia haki, alirekebisha hata mizani kwa ajili yangu, nimekuja kujua siku ya gulio. Dume nitoe mimi."

Alilia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na masikio yake hayakucheza hata kidogo, jambo ambalo pale ni mimi na Ngassa tu tuliojua maana yake.

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Kapoteza karata huyo!" na baraza zima likaangua kicheko. Wanawake walipiga makofi. Mtu akapiga kelele, "Na kengele ya shule je?" Thomasi aligeuka huku na huku, bado amepiga magoti, anasema, "Kweli, ndugu zangu, kweli tupu," na kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Ngassa peke yake hakucheka. Nadhani alikuwa anangoja.

Mzee Mayige akainua mkono, kicheko kikapungua. Mihayo alikuwa Lamadi kwenye dagaa zake. Kwa hiyo mzee alinitafuta mimi kwa macho mpaka akanipata.

"Marcelo," akaniita. "Wewe si mtu wa mzaha. Nakuuliza mbele ya watu. Huyu anasema kweli, au ni zile adhabu zenu za karata?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Sitasingizia kwamba nilishtukizwa. Nilifikiria dume moja, na mimi sina hata kuku. Nilifikiria kwamba wangeuliza nani alishika gunia. Nilimwona Thomasi ananitazama kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, kama mtu aliyeletewa shahidi.

"Ni adhabu," nikasema.

Walicheka tena, na mzee Mayige akamkaripia Thomasi kwa kuleta upuuzi kwenye mambo ya watu wazima. Thomasi hakunyanyuka haraka. Alifuta uso kwa mkono wa shati, akaendelea kunitazama, na ule uso wa kuomba msamaha ukamrudia, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Dume lilikuwa la rangi ya kahawia, zuri, Generoza alikuwa amelikuza tangu ndama. Walilichinja na kuchoma nyama kwenye makaa pale pale uwanjani. Kila mwanaume alipaswa kula, asiyekula anahesabiwa kwamba anapinga hukumu. Walisahau chumvi. Ngassa ndiye aliyekwenda nyumbani kwake akarudi nayo kwenye sahani, akapita kwa kila kundi akiinyoosha. Alipofika kwangu nilichota. Nilikula vipande vinne. Sikutapika. Mimi ambaye harufu ya karata hunitia kichefuchefu, nilikula nyama ya rafiki yangu na tumbo langu halikufanya lolote, na tangu siku hiyo sijawahi kuliheshimu tumbo langu wala kununa kwangu.

Jumapili niliapa sitakwenda. Nilipotoka kanisani miguu ilinipeleka. Walikuwa wameshakaa wote watatu, na kiti changu kilikuwa mahali pake. Apolonia aliniletea chai akanigonga bega kama kawaida yake, kwa sababu yeye alikuwa hajui. Mihayo naye hakujua. Alikuwa anataka kusimuliwa jinsi Thomasi alivyowachekesha watu barazani, na aliposimuliwa nusu akasema hiyo ndiyo adhabu bora kuliko zote, nani aliitunga?

Thomasi alikuwa anahesabu mbegu za pamba kwenye kopo lake.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema mbele yao, kisha niende kwa mzee Mayige nimwambie na yeye. Ngassa alikuwa ameshazishika karata, na kabla sijatoa neno akasema, wala si kwa hasira, "Kuanzia leo tucheze bila adhabu. Nataka mtu wa meza hii akisema jambo hapa Bariadi, asadikiwe."

Kisha akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, kama alivyokuwa anautazama ule ukonzi wa pamba juani, na nikajua amengoja tangu Alhamisi, na kwamba alikuwa ananipa nafasi niseme, sasa hivi, kwa hiari yangu. Mihayo alikuwa ananing'inia na swali lake. Kuni zilikuwa zinalia jikoni.

Nikanywa chai.

Ngassa akainamisha kichwa, akagawa. Aliniwekea karata tano, kavu, zimepangwa vizuri, kama alivyomwekea kila mtu. Nikazichukua. Ni miaka mingi sasa, Ngassa anafuga kuku na kuuza mayai, na hakuna mtu aliyewahi kumpa tena mizani ashike. Tunacheza kila Jumapili. Hawajawahi kuniuliza.